Baridi Kwenye Chumba cha Pasi

Walimwita Sweta kwa sababu alivaa sweta mahali ambapo hata nzi walitafuta feni.

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya duka la dobi. Hakikuwa na dirisha, ila tundu moja la kutolea hewa karibu na dari, na ndani yake mlikuwa na boila, meza tatu na mvuke ambao ukiwashwa saa mbili asubuhi haupumziki mpaka duka lifungwe. Wenzake wawili walifanya kazi wamekunja mikono ya blauzi hadi mabegani, taulo dogo likining'inia shingoni la kufutia jasho. Yeye alisimama meza ya katikati, amefunga vifungo vyote hadi kidevuni, sweta la kijivu lililokwisha viwiko, akinyoosha kola za watu.

"Sweta, theluji leo imefika wapi?" angeuliza mwenzake wa meza ya mlangoni, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kwa sauti yake walimpa jina la Spika.

"Magotini," angejibu yeye, na chumba kizima kingecheka.

Kwa miaka miwili huo ndio ulikuwa utani wao. Na kwa kuwa ulikuwa utani, hakuna aliyewahi kuketi naye amwulize kwa dhati anasikia nini.

Alikuwa anasikia baridi, lakini si ile ya hali ya hewa. Ilitoka ndani ya mifupa kuja nje. Alikuwa analala kwa muda wa saa kumi na kuamka amechoka kama aliyebeba mizigo. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Vidole vilivimba mpaka pete ya ndoa ikatolewa kwa sabuni, siku ambayo ndoa yenyewe ilikuwa bado ipo. Sauti ilikwaruza, ikashuka, mpaka watu wakimpigia simu wanamwambia, "Samahani kaka, naomba kuongea na dada wa dobi." Hayo yote yalikuja polepole mno, moja moja, kiasi kwamba kila moja lilipata sababu yake. Nywele ni dawa za nywele. Uchovu ni kusimama. Kunenepa ni umri, ingawa alikuwa na miaka thelathini na mitatu tu.

Na mimba? Mimba zilipewa sababu na kila mtu aliyepita.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza aliitangaza kwa furaha, mama yake akaanza kufuma kofia, na wiki ya tisa ikatoka. Ya pili aliwaambia wachache, ikatoka wiki ya kumi. Ya tatu hakumwambia mtu ila mumewe, na hiyo ilimtoka akiwa kazini, amesimama, anapiga pasi sketi yenye marinda kumi na mawili. Alisikia maumivu akiwa kwenye rinda la saba. Akamaliza yote kumi na mawili, akaitundika sketi kwenye hanga, akaibandika namba ya mwenyewe, ndipo akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Baada ya hapo hakushika tena. Siku zake zikawa hazina mpango. Zikija zinamwaga, zikikawia zinakawia miezi miwili.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu mwepesi, mchangamfu, wa kupanda ngazi mbili mbili. Hakuwa mtu mbaya. Mwanzo alitania tu: "Nikitoka umelala, nikirudi umelala. Nimeoa mke au nimeoa godoro?" Wakacheka wote wawili. Baadaye akawa anacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka, ikabaki sentensi. Siku moja, wakiwa mezani, alimwuliza kwa upole kabisa, "Umenichoka?"

"Hapana."

Lakini hapana yake ilikuja taratibu, kama kila kitu chake kilivyokuwa kikija, na mume akaisikia ile nafasi iliyokuwa kati ya swali na jibu. Akaiweka moyoni.

Alipata kazi kwenye mji mwingine wenye majengo marefu. Kwanza alikuja kila wiki, kisha kila mwezi, kisha akaja Jumapili moja mchana, akakusanya nguo na sanduku la vifaa. "Siondoki kwa ubaya," alisema mlangoni. Baadaye walikutana kwenye ofisi moja, wakatia sahihi, na mambo yakaishia hapo. Jambo ambalo Sweta hakuwahi kumwambia mtu ni kwamba siku ile, akiwa ameshika kalamu, kitu kikubwa alichokisikia mwilini kilikuwa usingizi.

Mama yake alimpokea kwa maneno aliyodhani ni ya faraja. "Mwanangu, wewe ulikuwa mwepesi. Sijui nini kimekuingia. Umekuwa mzito wa kila kitu." Sweta akahamia chumba kimoja, jengo la ghorofa mbili karibu na kazini, akaanza maisha ya kitanda, jiko la meza na redio. Ndugu walikuja mara ya kwanza, mara ya pili wakapiga simu, mara ya tatu wakawa na shughuli.

Mtu aliyemwona kwanza alikuwa mteja.

Kila Alhamisi, mkunga mmoja wa makamo, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, alileta makoti yake meupe. Kwa kawaida alipokelewa kaunta na dada wa mapokezi. Alhamisi hiyo dada aliumwa jino, na Sweta akatolewa nyuma kwenda kushika kaunta.

"Makoti manne, stachi kidogo ya kukaza kola," alisema mkunga.

"Yatakuwa tayari Jumamosi."

Mkunga akainua macho. "Una mafua?"

"Hapana."

"Sauti hii umeanza nayo lini?"

"Sijui. Kama miaka miwili."

Mkunga hakuachia ile tiketi aliyokuwa anapewa. Aliutazama mkono ulioishika, ngozi kavu iliyopasuka kwenye vifundo, kucha zilizokatika. Akatazama uso, kope zilizovimba, nyusi zilizokwisha pembeni. Akatazama sweta. Nje jua lilikuwa linayeyusha lami.

"Meza mate."

"Nini?"

"Meza mate, nikuone shingo. Inua kidevu."

Sweta, bila kujua kwa nini anamtii mteja, akainua kidevu akameza. Mkunga akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata namba aliyokuwa anaitafuta.

"Watoto wangapi?"

Hilo ni swali ambalo Sweta alikuwa na jibu lake la haraka, lile la kufunga mlango. "Sina."

"Umewahi kushika mimba?"

Likamtoka. "Tatu."

Alisubiri pole. Watu wote walisema pole, kisha wakasema habari za kumwachia Mungu. Mkunga hakusema pole. Alisema, "Nani aliwahi kukupima tezi?"

"Tezi gani?"

Mkunga aligeuza tiketi ya makoti yake, akaandika nyuma yake jina la kipimo na mahali pa kwenda. "Asubuhi, kabla ya kazi. Ni damu tu, kichupa kimoja. Na ukiniona Alhamisi ijayo hujaenda, makoti yangu napeleka kwa dobi mwingine."

Alikwenda, zaidi kwa kuogopa kupoteza mteja.

Wiki moja baadaye alikaa mbele ya daktari wa homoni, kijana mwenye sauti ndogo, ambaye alimwonyesha karatasi na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Alimweleza kwamba hapa mbele ya koo kuna tezi, umbo lake kama kipepeo, na kazi yake ni kuupa mwili kasi. Moyo, utumbo, ngozi, akili, kizazi, vyote vinasubiri kasi hiyo. Ikipungua, mwili mzima unakokota miguu.

"Ubongo ndio unaoiamuru," alisema. "Tezi ikizembea, ubongo unapaza sauti. Hii namba ni kelele za ubongo. Kwa watu wengi haizidi nne na kidogo."

"Yangu?"

"Sitini na nane."

Sweta aliitazama ile namba. Kwa hiyo humu ndani mwake, miaka yote, kulikuwa na mtu anaita kwa nguvu zote na hakuna anayeitika.

"Kinga ya mwili wako ndiyo inayoishambulia tezi. Hujafanya kosa lolote. Inatibika. Kidonge kimoja kila siku, maisha yote."

"Na zile tatu?" aliuliza.

Daktari alivua miwani. Alionekana mdogo zaidi bila miwani. "Siwezi kukuapia. Mimba huharibika kwa sababu nyingi, na hatuna tena namna ya kuzipima zile. Lakini miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anatumia homoni za mama. Zako zilikuwa chache mno. Na kutoshika tena, na siku kuvurugika, hayo pia hutokea tezi ikilala."

"Kwa hiyo ningepimwa mapema..."

Hakumaliza, na daktari hakummalizia. Badala yake akauliza kama Sweta ana dada.

"Mdogo wangu mmoja. Kitindamimba."

"Mwambie apime. Mambo haya hupenda kutembea ndani ya familia. Hasa kama anataka mtoto, asisubiri kuumwa."

Akaitika, akatoka, akampigia mdogo wake simu. Haikupokelewa. Akatuma ujumbe: *Kitinda, nina jambo la kukwambia.* Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja.

Kidonge kilikuwa kidogo, cheupe, cha kumeza na maji kabla ya kitu chochote, halafu kungoja nusu saa au zaidi ndipo unywe chai. Wiki mbili hakuona tofauti. Wiki ya sita, siku moja baada ya mapumziko ya mchana, alisikia kitu kinamtambaa mgongoni, akaruka akidhani ni mdudu.

"Spika! Nitazame mgongoni, kuna kitu!"

Spika akainua kola ya sweta, akachungulia, akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Mwenzangu, hilo ni jasho. Wengine tunaliita jasho!"

Akavua sweta, akalitundika kwenye msumari, na wote watatu wakasimama wanalitazama kama mtu aliyekufa ambaye hakuna aliyempenda sana. Vicheko vilikuwa vingi siku hiyo. Msimamizi alikuja kuuliza kuna nini.

Ila hakuna aliyemwonya juu ya hili lililofuata. Usingizi ulikuwa umemfunika kama blanketi zito, na blanketi lilipoondolewa, vilivyokuwa chini yake vilikuwepo vyote, vikimngojea, vibichi. Mambo ambayo wakati ule yalimpita kama sinema ya kwenye ukuta sasa yalimjia na sauti zake. Marinda kumi na mawili. Ile kofia ya kufuma, ambayo mama aliifumua ili uzi usipotee. Mume amesimama mlangoni na sanduku lake. Alilia Jumapili za mchana, majirani wakisikiliza mpira, alilia mimba ya kwanza miaka mitano baada ya kuipoteza. Hakuwa na mtu wa kumweleza, maana kwa wengine wote habari hizo zilishakwisha. Ungeanzaje? Unamwambia nani kwamba ndiyo kwanza umefiwa?

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo lakini linauma. Kila alilosemwa, mvivu, mzito, baridi, hana hamu na mtu, hajali, lilikuwa ni ugonjwa uliovaa nguo za tabia. Walimkasirikia mtu ambaye hakuwepo. Yeye mwenyewe alimkasirikia.

Siku moja alimpigia aliyekuwa mumewe. Alijiambia kwamba anampa taarifa tu. Lakini alivaa gauni lake la njano, lile alilokuwa hajalivaa tangu waachane, kwa ajili ya simu ambayo haina picha.

"Nilikuwa naumwa," alimweleza baada ya salamu. "Tezi. Miaka yote ile. Kulala, kunenepa, zile mimba, kuwa vile nilivyokuwa na wewe. Ilikuwa ugonjwa."

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti.

"Mimi nilidhani hunitaki," alisema mwanaume.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Sikujua kama kuna cha kusema."

Akamsikia anavuta pumzi. Nyuma yake mwanamke alimwita, kwa sauti ya mtu wa nyumbani, kwamba chakula kinapoa. Akaziba simu kwa kiganja, akajibu, akarudi. "Nina... nimeshaanza maisha mengine."

"Nimesikia."

"Pole sana, kwa kweli," alisema, na alimaanisha. Ilikuwa pole safi, ya moyoni, ile unayompa jirani. "Sasa unaendeleaje?"

"Sasa ni mzima."

Wakaagana. Akavua gauni la njano, na kwa kuwa pasi ndiyo kazi aliyoijua, akalinyoosha, ingawa halikuwa limejikunja popote.

Habari za Kitinda alizipata kwa Spika, aliyeishi mtaa mmoja na mama yao. Spika aliingia asubuhi na sauti yake yote. "Hongera, mama mkubwa! Mbona unatuficha? Mdogo wako safari hii Mungu akijalia anafika, baada ya ile ya kwanza kuharibika..."

Kisha akaona uso wa mwenzake, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akashusha sauti. "Hukuwa unajua."

"Hapana."

"Hata ile ya kwanza?"

Sweta aliendelea kupiga pasi. Mvuke ulitoka, ukapanda. Hata ile ya kwanza. Mdogo wake alipoteza mimba mtaa wa tatu kutoka hapa, na watu wakakubaliana yeye asijue. Hakuhitaji kuelezwa sababu. Aliwahi kuona mwanamke mjamzito akihama benchi hospitalini baada ya kusikia historia yake.

Aliomba ruhusa, akaenda mchana ule ule nyumbani kwa mama yao, ambako Kitinda na mumewe walikuwa wanaishi.

Mama yake alifungua mlango nusu, akausimamia.

"Nimekuja kumwona Kitinda."

"Amepumzika. Sio leo, mwanangu."

"Ana wiki ngapi?"

Mama akatazama chini, kwenye viatu vilivyopangwa kizingitini. "Nani kakwambia?"

"Mama, mnaniona nina nuksi?"

"Sijasema hivyo mimi."

"Basi nipishe nipite."

Mama hakusogea. Wala hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Alikuwa na woga tu, woga wa bibi aliyefumua kofia. "Mwanangu," alisema, "tumekwishapoteza wa kutosha. Wewe unajua kuliko sote. Akishatulia, akishavuka, nitakuita mwenyewe."

"Nani huyo, mama?" ikaita sauti kutoka ndani.

Sweta akashtuka. Sauti ilikuwa imekwaruza, imeshuka, kama ya mwanaume aliyetoka kuamka. Aliijua sauti ile. Aliishi nayo miaka miwili.

Kitinda akatokea kwenye korido. Ilikuwa saa tisa mchana, bati linalia kwa joto, na yeye alikuwa amejifunika blanketi mabegani. Kope zilikuwa zimemvimba. Alipomwona dada yake, mkono ulikwenda wenyewe tumboni, kukinga. Wote wawili waliuona ukienda.

"Unasikia baridi?" Sweta aliuliza.

"Mimba hii inanipa baridi tu. Dada, naomba usianze..."

"Baridi imeanza kabla ya mimba au baada?"

Kitinda akavuta blanketi likamfika shingoni.

"Siingii," alisema Sweta. "Sikugusi. Nitasimama hapa hapa, nje ya mlango, niseme maneno yangu, niondoke."

Akayasema pale pale alipokuwa amesimama, jirani aliyekuwa anaanika nguo akisikiliza. Aliwaambia habari za kipepeo cha shingoni na namba sitini na nane. Aliwaambia kwamba mtoto miezi ya mwanzo anakula kwa mama yake homoni ambazo mama huenda hana, kwamba dawa yake ni salama kwa mjamzito, na kwamba kipimo ni kichupa kimoja cha damu. Sauti haikumtetemeka, ilikuwa sauti yake ya zamani iliyorudi, nyembamba, safi, na mama alimtazama kama mtu anayesikia wimbo aliousahau. Mwisho alitoa nakala ya majibu yake, akaiweka juu ya viatu.

"Kanyageni, chomeni, fanyeni mtakavyo. Lakini muisome kwanza."

"Ukiondoka nitaisoma," alisema Kitinda.

Ukiondoka. Akaondoka.

Siku tatu zikapita bila neno. Alhamisi mkunga alikuja na makoti, na Sweta, ambaye sasa msimamizi alimwachia kaunta kila Alhamisi, alimweleza yote.

"Ana wiki ngapi?"

"Jirani yao anasema tisa."

"Basi asingoje hata kesho kutwa. Nipe namba yake." Mkunga akasimama pale pale kaunta, simu sikioni, makoti mkononi. "Mimi ni mkunga," alisema ilipopokelewa. "Hunijui. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na nataka uje kesho asubuhi saa mbili, uniulize mimi mwenyewe. Hapana, dada yako hatakuwepo."

Sweta alipanga tiketi kwa mfululizo wa namba. Kisha akazipanga tena.

Alhamisi iliyofuata mkunga aliegemea kaunta. "Mambo ya mgonjwa hayasemwi. Ila ameniruhusu nikwambie: amepima, ilikuwa juu, ameanza dawa siku hiyo hiyo. Na ujauzito upo."

Baada ya hapo kimya. Wiki ya kumi ikapita, ile ambayo Sweta aliogopa kuitaja hata moyoni. Ya kumi na mbili ikapita. Siku moja mama alikuja dukani na shuka moja tu, tayari imenyooka, akataka ipigwe pasi. Hakusema lililomleta. Aliuliza kama anakula vizuri, akasema amependeza, akasahau kuchukua tiketi.

Mwezi ule Sweta alikwenda kliniki yake ya kawaida. Daktari alifurahi kama aliyefaulu mtihani. "Moja nukta nane! Namba nzuri sana hii. Sasa mkiamua kutafuta mtoto, hakuna kizuizi upande wa tezi. Ukishika tu, njoo mapema, tutaongeza dozi. Mwambie na mzee nyumbani."

"Nitamwambia," alijibu, akachukua karatasi yake, akapita kwenye benchi la wanawake wenye matumbo, wakamsogezea miguu apite. Aliifikiria ile namba njia nzima. Mwili wake ulikuwa kama nyumba iliyokwisha kufagiwa, na hapakuwa na mgeni.

Simu ya Kitinda ilikuja alasiri moja, bila utangulizi.

"Dada, ya damu na ya tezi nakunywa pamoja?"

Sweta alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini polepole. "Vidonge vya kuongeza damu? Hapana! Usichanganye. Ya tezi asubuhi, tumbo tupu, maji tu. Ya damu ngoja saa nne zipite, au kunywa mchana."

"Mimi nilikuwa nabugia vyote pamoja, nimalize."

"Na chai?"

"Na chai."

"Kitinda!"

"Si nilikuwa nina njaa!"

Wakacheka, na kicheko kikaisha, na hakuna aliyekata simu. Wakaendelea. Waliongea habari za mikono iliyopasuka, za kitana, za mume wa Kitinda aliyeweka kengele kwenye simu ya kumkumbusha kidonge na yeye mwenyewe ndiye anayeshtuka kila asubuhi. Vipimo kila wiki nne, sindano, yule daktari na sauti yake ndogo. Viazi vilikuwa vyeusi walipomaliza. Nuksi haikutajwa, wala mlango, wala blanketi.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kike, mzito, mwenye hasira. Sweta aliitwa wiki ya pili. Safari hii mama alifungua mlango wote, akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Mama mkubwa kaja!" kisha akakimbilia jikoni akakaa huko muda mrefu, akifungua na kufunga kabati.

Kitinda alimpa mtoto. Sweta alimpokea. Alikuwa na joto la ajabu kwa kitu kidogo hivyo. Alikaa naye saa nzima kwenye kiti cha karibu na dirisha, hakuthubutu hata kubadilisha mguu.

"Mwanzo waliniambia nisikwambie," alisema Kitinda hatimaye, akitazama ukuta. "Lakini sio wao tu. Na mimi nilikubali. Niliogopa jicho lako."

"Najua."

"Umekasirika?"

Sweta alifikiri. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa hapana ya haraka, mwili wake sasa uliweza. "Nimekasirika," alisema. "Na nitakasirika muda mrefu. Ila sio leo, leo nimemshika."

Kitinda akafuta macho kwa kona ya shuka. "Mama anasafiri Jumanne, na mume wangu ana zamu ya usiku. Nitakuwa peke yangu na huyu. Utakuja?"

"Jumanne nipo kazini."

"Ukitoka?"

"Nikitoka, nitakuja."

Alirudi kwa miguu. Wanaume walikuwa wanarudisha viti ndani baada ya mpira, mwanamke mmoja alikuwa anasuka mwenzake barazani, na mahali alipokuwa amelaza mtoto, mkono wa kushoto, palikuwa bado pazito. Akafungua chumba chake. Kilikuwa kama alivyokiacha. Akawasha redio, akapika, akala chote, akaosha sahani moja na kijiko kimoja, akavisimamisha vikauke. Jumanne ilikuwa bado siku mbili.